Litungu na Waitikiaji Wake

Siku ya harusi ukitoka Tarime mjini kwenda Sirari, litungu la Wakurya utalisikia kabla hujaliona. Sauti yake ni nzito na ina mkwaruzo, kama mzee anayenguruma kwa kuridhika. Lenyewe ni gogo lililochimbwa likawa bakuli pana, likawambwa ngozi, likasimamishiwa miti miwili na kulazwa wa tatu juu yake. Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya wavuvi, na Ziwa Victoria haliko mbali.

Mpigaji, karibu kila mara, ni mwanamume. Huketi, akaimba huku vidole vikimjibu: anasifu, anataja majina ya watu, anamchapa mtu fimbo ya maneno bila kumgusa. Sifa zote humwendea yeye. Mimi nimekuja kuwasifu walio nyuma yake, wanawake wanaopokea. Mabega yanatetemeka, shingo inarushwa, shanga zinalia, na yote hayo yanakwenda na uzi wa chini kabisa wa litungu. Ni kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya mwili. Wakipokea kwa uvivu, wimbo hufia mikononi mwa fundi. Wakiupokea vizuri, yeye ndiye anayewakimbilia.

Waathene wa karne ya 5 KK hawakuwapa wanawake hata nafasi hiyo ya nyuma. Katika ukumbi wao wa maigizo, wa Dionysos, waigizaji, watatu tu, walikuwa wanaume; korasi ya watu 12, baadaye 15, nayo wanaume. Hata Medea na Antigone, wanawake wa tamthilia zao, walikuwa barakoa juu ya uso wa mwanamume. Linalonikera zaidi ni kilio. Sheria za Solon, mtunga sheria wao, zilikuwa zimewabana wanawake wasiomboleze kupita kiasi misibani. Kisha, mwaka 415 KK, mtunzi Euripides akaleta jukwaani wanawake wa Troya wanaolia mchezo mzima, kwa makoo ya wanaume. Kilio kilichozuiwa makaburini kikashindaniwa tuzo.

Sisi hatuna haki ya kuwacheka sana. Samuel Mushi alitupa tamthilia ya Sophocles kwa Kiswahili, *Mfalme Edipode*, na katika shule ya bweni ya wavulana Yokasta, mkewe Edipode, atakuwa mvulana aliyefungwa khanga, ukumbi mzima ukianguka kwa kicheko.

Wakurya wana namna nyingine ya kushika nafasi ya mwenzio, na hiyo haichekwi. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, akaoa mwanamke mwenzake. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Yeye ndiye mume mbele ya ukoo. Hana barakoa, wala hakuna anayeigiza: ng'ombe wametoka zizini.

Sifa zangu zina mpaka, hata hivyo. Nyimbo na vigelegele vya wanawake hao hao vimewasindikiza mabinti kwenye kisu, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inayokataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 haijavinyamazisha vyote. Desemba ikifika, wapo mabinti wa Serengeti wanaokimbilia nyumba salama ya Mugumu. Mwitikio wa namna hiyo na ufe.

Ila litungu lenyewe, kwa nini libaki mikononi mwa wanaume? Kwa majirani zetu Wajaluo, nyatiti, yenye nyuzi nane vilevile, ilikuwa ya wanaume mpaka Eriko Mukoyama, mwanamke kutoka Japani, alipokwenda kujifunza kwa wazee wao. Leo anajulikana kwa jina la Kijaluo, Anyango. Binti wa Nyamongo, huku kwetu Tarime, aliyekua akiitikia tangu utotoni, sikio lake limeshafundishwa nusu ya kazi.

Basi ukifika Tarime, vidole vya mpigaji vitazame, lakini usiishie hapo. Sogea nyuma yake, usikilize wanaopokea. Na wewe fundi, wimbo ukiisha, mwachie mmoja wao kiti.