Jicho la Mkaguzi wa Asbestosi

Nchini Uingereza, jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 2000 hushukiwa kuwa na asbestosi hadi ithibitike kwamba halina. Tarehe hiyo imetokana na sheria. Asbestosi ya buluu na ya kahawia zilipigwa marufuku mwaka 1985, lakini nyeupe iliendelea kuuzwa na kutiwa katika vifaa vya ujenzi mpaka Novemba 1999. Kufikia hapo zilikuwa zimekwisha kujengwa shule, hospitali, ofisi, maduka na maghorofa ya kupangisha tele, na mengi yangali yamesimama, watu wanalala na kufanya kazi humo. Wapo watu ambao riziki yao ni kuingia katika majengo hayo na kueleza kitu hicho kiko wapi, ni cha aina gani, na kiko katika hali gani. Shughuli za matengenezo ya majengo zimenipa nafasi ya kuwashikia ngazi baadhi yao, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuiheshimu kazi yao.

Asbestosi ni jiwe. Huchimbwa ardhini kama madini mengine, ila likipondwa hutoa nyuzi laini zinazoweza kusokotwa na kufumwa. Haiungui, haiozi, huzuia joto, na kwa miaka mingi bei yake ilikuwa ndogo. Mjenzi gani angeikataa? Viwanda viliichanganya na saruji vikatengeneza mapaa, mabomba na matangi ya maji. Viliitia katika bodi za dari na za kuzuia moto, katika vigae vya sakafu na gundi nyeusi ya lami inayovishika, katika rangi nzito ya mikunjo inayopakwa darini, hata katika matangi ya kuvutia maji chooni. Ilizungushwa kwenye mabomba ya maji moto, ikapulizwa juu ya vyuma vya majengo, ikasokotwa kuwa kamba ya kuziba mlango wa boila, ikawekwa kama kipande kidogo nyuma ya fyuzi. Mtu anayedhani ataitambua kwa rangi yake ataondoka mikono mitupu. Ikishachanganywa na saruji au kupakwa rangi ya ukutani, buluu, kahawia na nyeupe zote hufanana, na hufanana pia na vitu visivyo na asbestosi hata chembe.

Kwa hiyo mkaguzi mzuri huanza na karatasi kabla ya kugusa ukuta. Huuliza jengo lilijengwa lini, liliongezwa lini, lilifanyiwa ukarabati lini, na nani ana michoro. Kisha hulizunguka kwa nje, polepole, akitazama paa, kingo za chini ya paa, mabomba ya moshi. Ndani huutafuta mfupa wa jengo. Chuma kikipata moto mkali hulegea na kupinda, ndiyo maana wajenzi wa miaka ya 1950 na 1960 walizivika nguzo za chuma bodi za asbestosi au wakazipulizia. Tangu mwaka 1957 halmashauri kadhaa za Uingereza zilijenga shule nyingi kwa mfumo wa fremu nyepesi za chuma uitwao CLASP, na mkaguzi akiingia katika shule ya namna hiyo hahitaji kuambiwa aanzie wapi. Huenda moja kwa moja kwenye nguzo.

Lakini jengo halibaki kama lilivyokabidhiwa. Mwaka mmoja mwenye jengo huning'iniza dari mpya chini ya ile ya zamani, mwaka mwingine huongeza ukuta wa kugawa chumba, mwaka mwingine hubadilisha boila. Kila badiliko hufunika kitu. Nimemwona mkaguzi akiinua kigae kimoja cha dari mpya, akachomeza kichwa na tochi, akakaa juu ya ngazi muda mrefu kuliko nilivyoona sababu yake. Aliposhuka alisema dari ya kwanza bado iko, imevunjwa pembeni ili kupitisha nyaya, na vipande vyake vimelala juu ya dari ya pili. Chini yetu palikuwa na madawati na kompyuta, na kila fundi wa nyaya aliyekuwa akipanda humo alikuwa akivisogeza vile vipande kwa kiwiko.

Uchukuaji wa sampuli ndipo hasa ninapowavulia kofia. Chukua bodi moja tu iliyofunika nguzo, iliyopakwa rangi mara nyingi hata pembe zake zimekuwa za mviringo. Mkaguzi huigonga kwa kidole, lakini haliamini sikio lake peke yake. Hutafuta mahali ilipochubuka, humulika, hutazama ukingo kwa kioo cha kukuzia. Bodi ya jipsamu ina karatasi pande zote mbili; hii haina karatasi, na kwenye mvunjiko wake huchungulia vishada vidogo vya nyuzi. Hapo shaka imekua, ila shaka si jibu. Huchagua sehemu ya kukata iliyo kando, ambako watu hawaegemei na watoto hawafiki, kwa sababu kovu litabaki. Humwomba kila mtu atoke. Huvaa ovaroli ya kutupwa na barakoa iliyopimwa kwa uso wake mwenyewe, hutandika plastiki sakafuni, kisha hupuliza maji yenye sabuni kidogo juu ya sehemu aliyoichagua, na husubiri.

Kusubiri huko wengi hawakuelewi. Maji yanahitaji muda kuingia, na bodi kavu ikikatwa hutoa vumbi ambalo jicho halilioni. Ikishaloa, hukata kwa patasi nyembamba kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, huku mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi umesogezwa karibu kabisa na patasi. Mashine hiyo si ya nyumbani, kwani ya nyumbani ingezitema nyuzi hizo nyuma na kuzijaza chumbani. Hii ina chujio la kunasa vumbi dogo kupindukia. Kipande huingia katika mfuko, na mfuko huo katika mfuko mwingine. Namba ileile huandikwa kwenye mfuko, kwenye ramani ya chumba na kwenye picha. Tundu huzibwa. Patasi hufutwa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kugusa kitu kingine chochote, maana patasi chafu hubeba nyuzi za bodi hii hadi sampuli ya pili, na hapo maabara itaona asbestosi mahali isipokuwepo. Kitambaa chenyewe hutupwa kama taka ya asbestosi. Yote haya kwa kipande cha ukucha mmoja, na jengo kubwa huweza kutaka vipande mia na zaidi.

Idadi ya sampuli nayo ni suala la busara. Mwongozo rasmi wa ukaguzi, ambao mafundi wanaufahamu kwa namba yake, HSG264, hutoa vipimo vya kuanzia, lakini kiasi cha mwisho hukiamua jicho. Bodi za kiwandani hufanana, kwa hiyo chache zaweza kusemea nyingi. Vazi la mabomba ya maji moto ni kinyume chake kabisa: lilikorogwa na kupakwa kwa mkono, siku hii kwa mchanganyiko huu, siku nyingine kwa ule, kisha likapasuliwa pale bomba lilipovuja na kuzibwa kwa pamba ya kioo. Mita tatu za bomba zinaweza kuwa salama na kona inayofuata ikawa na asbestosi tupu. Mkaguzi hukata mpaka afike kwenye chuma, maana tabaka la juu laweza kuwa jipya na la chini likawa la mwaka 1960. Hata akikuta mabomba yamevuliwa zamani na yanang'aa, hupapasa kwa tochi nyuma ya vali na chini ya vishikizo vya ukutani, mahali ambapo aliyevua alichoka. Mara nyingi mabaki yamo humo.

Maabara huendeleza subira ileile. Mchambuzi hutazama kipande chini ya hadubini ya kawaida, huchambua nyuzi kwa kibano chenye ncha kali, kisha huziweka kwenye kioo pamoja na tone la mafuta maalumu yaliyochaguliwa kwa namna yanavyopinda mwanga. Kila aina ya asbestosi ina mafuta yake. Chini ya hadubini ya mwanga uliochujwa, nyuzi huwaka rangi zinazotambulika, na mchambuzi hugeuza meza ya hadubini akitazama zinapozima na zinapowaka tena. Nyeupe hujipinda kama uzi wa hariri. Za buluu na za kahawia hunyooka. Hapo ndipo rangi inapopata maana, na ni mbele ya macho yaliyofunzwa tu.

Kisha ripoti. Kila kitu kilichopatikana hupewa alama nne: ni bidhaa ya namna gani, imeharibika kiasi gani, uso wake umefunikwa au uko wazi, na ni asbestosi ya aina ipi. Jumla huanzia 2 hadi 12, na inayofika 10 au zaidi huhesabiwa kuwa rahisi kutoa nyuzi. Paa la saruji lililo zima hupata alama ndogo, na pengine ushauri wake ni kuliacha lilivyo na kulitazama kila mwaka. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Asbestosi iliyotulia, isiyochokozwa, mara nyingi ni salama zaidi ilipo kuliko mikononi mwa mtu anayeing'oa bila ujuzi.

Ukurasa ninaouheshimu kuliko yote ni ule wa mahali ambapo mkaguzi hakufika. Chumba kilichofungwa, shimo la lifti, uwazi wa ndani ya ukuta, dari iliyokuwa juu kupita ngazi. Huorodhesha kila kimoja na sababu yake, na mahali hapo huhesabiwa kuwa pana asbestosi mpaka mtu mwingine apafikie. Inataka moyo kumwandikia mteja aliyelipa kwamba sehemu hizi sikuziona. Lakini ukurasa huohuo ndimo mzembe hujificha. Nimesoma ripoti zilizojaa "hapakufikika" kwa vyumba ambavyo funguo zake zilikuwa mapokezi, na mtu hakuziomba. Mkaguzi wa kweli hurudi siku ya pili na ngazi ndefu zaidi.

Lipo pia kosa linalorudiwa na wenye majengo, nalo si la mkaguzi. Ukaguzi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kuliendesha jengo siku hadi siku, hauvunji kitu. Wa pili hufanywa kabla ya ukarabati au ubomoaji, jengo au sehemu hiyo ikiwa tupu, na huo hupasua kuta na kung'oa sakafu. Kumkabidhi fundi bomba ripoti ya kwanza na kumwambia avunje ukuta ni kumtuma gizani. Kanuni za mwaka 2012 ziko wazi juu ya wajibu wa wenye majengo ya biashara na ya umma, na zinagusa pia korido, ngazi na vyumba vya boila vya maghorofa ya makazi.

Aliyelipa gharama ya haya yote tangu mwanzo ni mfanyakazi. Nellie Kershaw alisokota asbestosi kiwandani Rochdale, akafa mwaka 1924 akiwa na miaka 33, na daktari William Cooke akaziona chembe za asbestosi katika mapafu yake. Mwaka 1960 utafiti ulioongozwa na J. C. Wagner huko Afrika Kusini ulionyesha uhusiano wa asbestosi ya buluu na mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, na walioipata si wachimbaji peke yao bali pia watu walioishi karibu na migodi. Ugonjwa huo huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Ndiyo sababu Uingereza bado inazika zaidi ya watu 2,000 kila mwaka kwa mesotelioma, wakiwemo maseremala, mafundi umeme na mafundi bomba waliotoboa bodi zamani bila kuambiwa zina nini.

Kwetu Afrika Mashariki asbestosi tunaijua zaidi juu ya vichwa vyetu: mapaa ya kijivu yenye mawimbi kwenye shule, maghala na nyumba za watumishi. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na mamlaka yake ya mazingira, NEMA, imetoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika. Rwanda imekuwa ikiendesha mpango wa taifa wa kuyang'oa mapaa hayo. Ni hatua za kupongezwa, lakini kung'oa kunapaswa kutanguliwa na mtu aliyetazama kwa makini na kuandika alichokiona. Basi kama unaishi au unafundisha chini ya paa la namna hiyo, usilisugue ukungu kwa burashi ya chuma, usilitoboe, wala usiwaachie watoto vipande vilivyoanguka. Tafuta mkaguzi mwenye mafunzo. Na akikuletea ripoti, fungua kwanza ukurasa wa mahali ambapo hakufika, umuulize kwa nini.