Upindo Umeokolewa, Makalio Yamechanika

Pijama ya shuka kuukuu mnaijua, kuanzia Same mjini hadi Chome na Mamba kule milimani. Shati lake sina neno nalo: kola imekaa, na vifungo vilivyong'olewa kwenye mashati ya mtumba vimefuatana vizuri. Suruali ndiyo imeharibiwa, tena mezani, cherehani haijaguswa bado. Fundi anakunja shuka kichwa kwa miguu, analaza patani huku ncha ya mguu ikikaa sawasawa na upindo wa shuka, anapitisha mkasi. Anajiona mjanja, maana miguu ya suruali haihitaji kupindwa tena. Haya, pimeni. Kitanda ni cha futi 6, shuka lake lina futi 7 au 8. Likikunjwa hivyo hubaki futi 4 au pungufu, na suruali ya mtu mzima inakula zaidi ya 3. Kwa hiyo makalio yameangukia katikati ya shuka, palepale mtu alipojigeuza miaka nenda rudi. Lishikeni mbele ya dirisha muone wenyewe: kingoni, palipokuwa panachomekwa chini ya godoro, kitambaa bado kizito, katikati mwanga unapita kama kwenye chujio. Na hakuna mahali suruali inapovutwa kama makalioni, mvaaji akichuchumaa au akijigeuza usiku. Kitambaa kilichochoka kimepewa kazi ngumu kuliko yote, ili tu kuokoa mshono wa dakika chache.

Mafundi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipoadimika madukani, wasingekata hivyo. Shati likichakaa shingoni waliifumua kola, wakaigeuza, upande mzima ukawa juu. Waingereza nao, nguo zilipoanza kugawiwa kwa kuponi mwaka 1941, walipasua shuka katikati kwa urefu wakaunganisha kingo, palipochakaa pakahamia pembeni. Leo mitumba ni tele, kwa hiyo mkasi unatangulia na jicho linafuata.

Nitaambiwa upindo nao ni mali. Ni kweli, na ndiyo maana nashangaa hakuna anayegeuza patani: kiuno kikae kwenye upindo, ncha za miguu zielekee katikati. Upindo ule unakuwa njia ya lastiki iliyokwisha kushonwa, makalio yanapata kitambaa kizima, na palipochakaa panabaki kwenye miundi, pasipovutwa sana. Wengine husema kiraka cha ndani kinatosha. Hakitoshi, kitambaa kigumu kikishonwa juu ya kilicholegea, mpasuko unaanzia ukingoni mwa kiraka. Wa milimani watadai baridi ya mlima Shengena inataka flisi ya mtumba. Nimelisema hili mara nyingi na sichoki: flisi ni poliesta, cheche ya kuni ikiirukia inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba pia inaungua, lakini haigandi mwilini namna hiyo. Anayesikia baridi akatiwe mashuka mawili, moja ndani ya lingine.

Tena lastiki isishonewe moja kwa moja kwenye kitambaa, mtindo ulioletwa na haraka. Ipitishwe kwa pini ndani ya upindo, na tundu liachwe upande wa nyuma. Ikilegea inavutwa, inaingizwa nyingine, suruali haifumuliwi.