Ua Kayongo: Mbegu Inayomvizia Adui Mzizini

Nimeishika Ua Kayongo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo sina habari nyingine ya kuwapa watu! Ukiitazama ni punje za mahindi tu, zimepakwa dawa kijuujuu. Lakini kazi inayofanya chini ya udongo ni ya kustaajabisha.

Kwetu Remba hatulimi. Kisiwa ni mawe, mabati na mashua. Tunauza samaki, na unga na nyanya vinatufikia kwa boti kutoka bara. Kwa hiyo gugu la kayongo likivamia mashamba ya Suba na Nyatike huko bara, njaa yake inavuka maji na kutufikia.

Na kayongo ni gugu la hila kweli. Mmea mmoja humwaga mbegu 50,000 au zaidi, laini kama vumbi, zikalala ardhini miaka kumi na zaidi. Hazioti hivi hivi. Husubiri strigolaktoni, kemikali inayotolewa na mizizi ya hindi. Zikiipata, huamka, hujichomeka mzizini na kuanza kunyonya. Ukija kuona maua yake ya zambarau, hindi lako limeshadumaa.

Sasa sikiliza uhondo wenyewe. Hindi la Ua Kayongo linaita kama kawaida. Kayongo inaamka, inaukimbilia mzizi, na pale pale inakutana na imazapiri, dawa ya magugu iliyopakwa kwenye punje. Gramu 30 hivi zatosha hekta nzima! Hindi lenyewe linaistahimili dawa hiyo bila kuwekewa jeni ya kiumbe kingine. Watafiti wa CIMMYT, KARI na Taasisi ya Weizmann waliungana na kampuni ya BASF kuitengeneza, ikazinduliwa Kenya mwaka 2005.

Kwenye nyanya watafiti wamepita njia nyingine. Huko Sudan na Ethiopia nyanya hunyonywa na orobanki, ndugu wa kayongo. Watafiti wa Israel walipata nyanya ambayo mizizi yake karibu haitoi strigolaktoni, na mwaka 2019 wengine wakafika huko huko kwa kuhariri jeni ya CCD8. Nyanya hiyo inanyamaza, gugu linaendelea kulala. Ni akili nyingi, lakini mimi moyo wangu uko kwa hindi linaloita na kuua.

Masharti yapo, yashike. Ukishapanda, nawa mikono kabla ya kugusa mbegu nyingine, na usitie maharagwe shimo moja na hindi hili, yatakufa. Dawa hulinda majuma ya mwanzo tu. Kayongo itakayochelewa kuchomoza ing'oe kabla haijatoa mbegu.

Desmodiamu, mmea unaopandwa kati ya mahindi kuizuia kayongo, ambayo taasisi ya icipe imeifanyia utafiti miaka mingi pale Mbita, hudumu shambani msimu baada ya msimu, nami naiheshimu sana. Ila huchukua muda kushika. Ua Kayongo inaanza kazi msimu ule ule unaofukia punje, na ningekuwa na hata robo ekari kule Karungu, mvua ndefu zijazo zingenikuta nimeshapanda.