Ufunguo Upi? Uhakiki wa Lugha ya Uchapaji wa Nota za Kwaya

Kazi ya kunakili nyimbo za kwaya, ambayo zamani ilifanywa kwa mkono, kwa taipureta na kwa stensili, siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Mtu aliyepita Tandika, Mbagala au Mwananyamala siku ya Jumamosi hahitaji kuthibitishiwa jambo hili. Kwenye maduka ya kutoa nakala atawakuta vijana wa kwaya wamekuja na flashi zao, wakisubiri karatasi za wimbo utakaofanyiwa mazoezi jioni ile. Programu zinazotumika ni zile zile zinazojulikana duniani, yaani Finale, Sibelius, na MuseScore ambayo hutolewa bure. Katika makala haya nyimbo zenyewe hatuzihakiki, wala ubora wa programu hizo. Tunahakiki lugha ambayo mwalimu wa kwaya na mnakili wake huitumia wanapojaribu kuelewana juu ya ukurasa uliochapwa vibaya.

Tumepitia karatasi za nyimbo kutoka kwaya kadhaa za Kinondoni na Temeke, pamoja na maelekezo ya masahihisho yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu. Majina ya kwaya hatutayataja. Maelekezo hayo ndiyo hasa yaliyotufundisha, maana istilahi hupimwa pale mtu mmoja anapomwagiza mwenzake kazi naye hayupo wa kuulizwa.

Tuanze na neno ufunguo, ambalo twaona ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Katika karatasi moja mwalimu ameandika: “Badilisha ufunguo kuwa F.” Mnakili afanye nini? Ufunguo wa F ni ile alama iwekwayo mwanzoni mwa mistari ya besi kuonyesha mahali ilipo nota ya F. Lakini katika mazungumzo ya kawaida ya kwaya, ufunguo wa F vilevile ni ule wimbo ambao do yake ni F. Mnakili akichukua maana ya kwanza, programu itabadilisha alama, nota zitahama mahali pake kwenye mistari, nazo sauti zitabaki zile zile. Akichukua maana ya pili, wimbo mzima utapanda au utashuka, na waimbaji wa soprano watagundua siku ya mazoezi kwamba wamepewa kilele wasichokiweza. Hali ni hiyo hiyo kwa G: ufunguo wa G ni alama ya sauti za juu, na pia ni wimbo wenye do kwenye G. Ni neno moja, herufi moja, na matendo mawili yasiyohusiana.

Asili ya mkanganyiko huu si Kiswahili. Kilatini kilikuwa na clavis, yaani ufunguo. Wafaransa wakaiita alama ile clef, nao Waingereza wakaazima neno hilo kwa ajili ya alama, wakatumia neno lao wenyewe la ufunguo kwa dhana ya pili. Mfasiri wetu, alipokuta maneno mawili ambayo yote kamusi inayafasiri kuwa ufunguo, hakujiuliza zaidi. Wajerumani hawakupata taabu hii, kwani huita alama Schlüssel, na dhana ya pili wakaipa neno jingine kabisa, Tonart. Nasi hatuna sababu ya kurithi ajali ya lugha ya watu wengine.

Tena jawabu tunalo siku nyingi. Walimu wa solfa, yaani ule mtindo wa kuandika muziki kwa herufi za do, re, mi uliokuzwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover wa Norwich, huandika juu ya wimbo: “Do ni G.” Hakuna ufunguo hapo. Kinachosemwa ni mahali do inapokaa. Basi twashauri ufunguo libaki jina la alama tu, na dhana ya pili iitwe makao: makao ya wimbo huu ni G, wimbo umehama makao, alama za makao zimekosewa. Neno ni la kila siku, halina mgongano, na mwimbaji wa solfa atalielewa bila kufundishwa.

Neno la pili ni sauti. Sauti ni kile kinachosikika. Ni koo la mwimbaji. Ni kundi katika kwaya, kama tusemavyo sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kwa maana ya soprano, alto, tena na besi. Kwa miaka mingi maana hizo zilikaa pamoja kwa amani. Kompyuta ndiyo iliyozigombanisha. Wimbo wa sauti nne unapochapwa kwa kubana nafasi, soprano na alto hukaa kwenye mistari ya juu, tena na besi kwenye mistari ya chini. Ili vijiti vya nota visigongane, programu hutenganisha walio juu na walio chini ndani ya mistari ile ile: vijiti vya soprano huelekea juu, vya alto huelekea chini. MuseScore na Sibelius huuita mgawanyo huu kwa neno la Kiingereza la sauti, na huhesabu upya kila mistari inapoanza. Kwa hiyo tena, ambaye kwaya nzima inamwita sauti ya tatu, ndani ya programu ni sauti ya kwanza ya mistari ya pili. Mwalimu akiandika “sauti ya pili vijiti viangalie chini”, mnakili aliyezoea programu huweza kugusa alto na besi kwa pamoja. Finale, kwa bahati njema, ilitumia neno lenye maana ya tabaka. Hilo ndilo la kufuata: tena ni sauti ya tatu, nayo imeandikwa katika tabaka la kwanza la mistari ya chini. Na hapo ndipo lilipo jawabu la tatizo ambalo wanakili wengi hulitatua kwa taabu, wakigeuza kijiti kimoja kimoja kwa mkono. Nota zikiwekwa katika tabaka linalostahili tangu mwanzo, vijiti hujielekeza vyenyewe.

Tumetumia “mistari ya juu” na “mistari ya chini” kwa shingo upande. Jina lililozoeleka la ile mistari ambamo nota huandikwa ni mistari mitano. Latosha maadamu iko seti moja. Zikiwa nne, je, tuseme mistari mitano minne? Sarufi yetu ya upatanisho wa ngeli inakataa, na msikilizaji atadhani tumekosea hesabu. Wapo wasemao stafu, nasi hatulichukii neno la mkopo kwa kuwa ni la mkopo; wasomaji wetu wanakumbuka jinsi kompyuta ilivyobaki kompyuta midomoni mwa watu, ngamizi na tarakilishi zikiwa zimekwisha kupendekezwa. Hata hivyo twalileta mbele yao neno kichanja, yaani lile jukwaa la fito zilizolazwa sambamba ambapo watu huanika vyombo au nafaka. Kichanja kina fito, na kati ya fito na fito kuna mwanya. Kichanja cha juu, vichanja vinne, mwanya wa pili kutoka chini: ngeli inatii, na picha inaonekana. (Kwamba mwanya pia ni pambo la meno ya mtu, hilo halitamdhuru mchapaji.)

Mwanya una manufaa mengine. Katika programu hizi vipimo karibu vyote vya ukurasa huhesabiwa kwa umbali ulioko kati ya mstari na mstari. Kichanja chenye kimo cha milimita 7 kina mianya minne ya milimita 1.75 kila mmoja, na umbali wa maneno kutoka kwenye nota, au wa kichanja kutoka kichanja, hutajwa kwa idadi ya mianya. Mnakili asiye na neno hili husema “shusha kidogo”. Naye aliyeambiwa ashushe kidogo huburuta kila neno kwa puku, na siku kichanja kinapopunguzwa ili wimbo uingie katika ukurasa mmoja, marekebisho yake yote huenda upande. Aambiwe: “Ongeza mianya miwili kati ya kichanja cha juu na maneno, katika kanuni za ukurasa mzima.” Hapo alto inayoshuka chini ya kichanja haitagongana na beti, na kazi ni ya mara moja.

Baa tutaipitia upesi. Neno hili lina kazi nyingine mbili, moja ya vinywaji na moja ya maafa, na mwalimu anayesema “turudi baa ya nane” hucheka mwenyewe. Mstari wa wima na uitwe upau, neno ambalo watumiaji wa kompyuta wamekwisha kulisikia katika upauzana. Nafasi iliyo kati ya pau mbili twapendekeza iitwe chumba. Kipimo halifai, kwa sababu limeelemewa.

Tatizo tunaloliona kubwa zaidi kwa lugha yenyewe ni ukataji wa maneno chini ya nota. Katika karatasi tulizopitia, jina la Mungu limekatwa “Mun-gu” mara nyingi kuliko “Mu-ngu”. Ziko programu ambazo hukata maneno zenyewe kwa kanuni za lugha za Ulaya, na wako wanakili waliojifunzia kazi hiyo kwenye nyimbo za Kiingereza. Mtu asidhani kwamba hili ni suala la urembo wa tahajia. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu, isipokuwa ile ya konsonanti pekee na baadhi ya maneno ya mkopo. Mtunzi anapoweka nota ya mapigo manne juu ya silabi ya kwanza, amekusudia waimbaji wavute u. Mwimbaji aliyesoma “Mun” hufunga mdomo mapema akaivuta n puani, na kanisa zima husikia mngurumo badala ya irabu. Vivyo hivyo mbi-ngu, dha-mbi, nyi-mbo, ko-ndo-o.

Mashaka yako kwenye m na n za mwanzo. Mbingu ina silabi mbili, mbi-ngu, lakini mbebaji ina nne, m-be-ba-ji, maana m yake ni kiambishi cha ngeli kinachosimama peke yake. Nchi ni n-chi. Mtakatifu ni silabi tano. Walakini watunzi wengi huipa nota nne tu, m ikimezwa na ta. Yote mawili yaruhusiwa katika uimbaji, ila ukurasa lazima useme ni lipi limekusudiwa. Ikiwa m ina nota yake, iandikwe peke yake na kistari baada yake. Ikiwa haina, iandikwe “Mta” pamoja. Tumeona karatasi ambamo m imeachwa ikielea kati ya nota mbili, haina mwenyewe, na kila sauti ikaamua kivyake. Tena herufi moja chini ya nota fupi, ikifuatwa na silabi pana kama “mbwe”, huifanya programu isogeze nota kwa umbali usio sawa. Dawa ni kupunguza vyumba katika kila fungu la vichanja, yaani kulikata fungu mahali ambapo sentensi ya wimbo inapumzika. Kupunguza ukubwa wa maandishi hadi mzee wa besi ashindwe kuyasoma si dawa.

Kistari chenyewe kisichanganywe na mburuto. Kistari huunganisha silabi za neno moja. Mburuto ni ule mstari mrefu unaofuata silabi ya mwisho wakati irabu inaendelea kuvutwa.

Solfa ina taabu yake pekee. Humo nukta mbili hutenga mapigo, nukta hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hugawa robo, na kistari hushikilia sauti. Taipureta ilizipanga alama hizi vizuri sana, kwa kuwa kila herufi yake ilikuwa na upana ule ule, na mapigo ya sauti nne yalisimama wima kama askari. Aliyezihamishia kwenye kompyuta kwa herufi za kawaida, zenye upana tofauti tofauti, amevunja safu hizo, na tena haoni tena pigo lake liko chini ya pigo lipi la alto. Atumie herufi za upana sawa, au jedwali. Bila hivyo solfa iliyochapwa ni duni kuliko ile ya stensili.

Limebaki jambo moja lisiloweza kusubiri vikao. Finale, iliyotoka mwaka 1988 na ambayo kazi nyingi za watunzi wetu zimehifadhiwa kwayo, ilitangazwa mwezi Agosti 2024 na kampuni ya MakeMusic kwamba haitaendelezwa tena. Faili zake kwa kawaida hazifunguki sawasawa katika programu nyingi ila zigeuzwe kwanza kuwa za muundo wa MusicXML, na zikigeuzwa, nota na maneno huwa salama kwa sehemu kubwa, lakini mpangilio wa ukurasa huvurugika. Kwaya yenye faili za namna hiyo izigeuze sasa, wakati kompyuta ya zamani ingali inawaka, na pamoja na kila faili itunze nakala ya PDF ili atakayeupanga ukurasa upya aone ulivyokuwa. Tumesema kugeuza kwa makusudi. Walimu wengi husema kuhamisha, lakini neno hilo tumekwisha kulipa makao, na mnakili aliyeagizwa “kuhamisha nyimbo zote za marehemu” aweza kuzishusha zote sauti moja.