Njoroge na Shuka ya Amerikani

Riwaya ya Weep Not, Child, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika alipokuwa mwanafunzi wa Makerere na ikachapishwa mwaka 1964, aghalabu husomeshwa kama riwaya ya ardhi na vita vya Mau Mau. Hatukatai. Lakini twaona kwamba wasomaji wengi huipita mbio sehemu iliyo bora zaidi, nayo ni ile ya mtoto wa maskini anapoanza kutambua kwamba watu hawako sawa.

Nyokabi alipompa mwanawe habari njema ya kwenda shule, alimwonya kwamba hatapata chakula cha mchana kama watoto wengine. Njoroge akakubali kwa furaha. Njaa haikuwa kitu. Kumbe lililomchoma ni jingine. Siku moja, akiwa amekwisha kuvua nguo za shule na kujitanda ile shuka ya amerikani, vazi lake la pekee tangu kuzaliwa, alimwona Mwihaki, binti Jacobo mwenye mali, anakuja. Akaona haya, akageuza njia. Shuka ile haikuwahi kumwaibisha kabla ya kuingia shuleni.

Hapo mwandishi ameona mbali. Kijana hamlaumu Jacobo, wala hajiulizi mali ile ilipatikanaje. Hasira yote yamrudia mwenyewe na vazi lake. Hapana shaka vijana wengi wa mitaa yetu ya maskini huanza vivyo hivyo, kabla hawajapata neno la kuliita jambo hilo.

Kamau, nduguye kwa baba, hana nafasi ya kuota. Nganga seremala, Mwafrika mwenzake, humtumikisha kubeba mtoto na kumnyima ufundi. Basi Kamau ajua mapema kwamba anayekuzuia kuinuka si lazima awe wa rangi nyingine. Huyu, kwa maoni yetu, alistahili kurasa zaidi.

Mazungumzo ya Njoroge na Stephen, mwana wa Bwana Howlands, huko Siriana, hayaturidhishi sana. Wavulana hao wagundua kwamba utotoni kila mmoja alimwogopa mwenzake. Yawezekana, lakini hofu mbili zapimwa kwa mizani moja, ilhali ni babaye Njoroge aliyekuwa kibarua wa Howlands katika ardhi ya wazee wake mwenyewe.

Walimu wenzetu, twatunga mno maswali ya "Eleza dhamira ya ardhi". Mwanafunzi mwenye sare ya viraka, ambaye saa ya chakula huzunguka nyuma ya madarasa mpaka kengele ilie, hujibu kwa maneno ya daftari, akapata alama zake. Tumwulize kwa nini Njoroge aligeuza njia. Tusimwite mbele ya wenzake asimulie ya kwao, maana huko ni kumtahayarisha; amzungumzie Njoroge tu, nasi tusikilize. Tukio lenyewe ni la aya chache. Lasomeka kwa sauti, na kipindi kikabaki cha mazungumzo.