Pongezi kwa Akina Mama wa Gulio

Mimi na rafiki yangu tulipanda kutoka Same hadi Mamba, mabegi mgongoni, tukidhani safari ni ya msitu wa Chome na kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu. Gulio likatuzuia. Hongereni, akina mama wa Upareni! Tangawizi mbichi, mafungu kwa mafungu juu ya viroba, harufu yake inakupokea kabla ya kelele za wauzaji. Wengine walitoka nyumbani alfajiri, mizigo kichwani, kwa vijia ambavyo sisi tuliviteremka kwa makalio. Bei haishuki kirahisi. Mpare na hesabu, mnajua wenyewe. Ila mama aliyetupakulia makande alituongezea upawa bila kuombwa. Shengena hatukufika siku hiyo.