Tembea Hadi Mlangoni, Urudi

Mgonjwa hudhani uchunguzi utaanza akishalala kitandani. Mfiziotherapia mzoefu ameshauanza kitambo, tangu jina lilipoitwa na mtu akainuka kwenye benchi: alijisukuma kwa mkono upi, uzito aliuweka mguu gani, alisita au hakusita kabla ya hatua ya kwanza. "Shikamoo mama, karibu," anasema, na macho yameshashuka miguuni. Ana sababu ya kuwahi. Ukimwambia mtu "hebu tembea nikuone," atakupa mwendo wa kuonwa: mgongo umenyooka, meno yameumana, maumivu yamefichwa. Mwendo wake wenyewe ni ule wa ukumbini, ana mfuko mkononi na huku anamtafuta mjukuu kwa macho. Hata kandambili zinasema. Iliyolika ncha upande mmoja tu inaonyesha mguu unaoburuta vidole.

Naistahi kazi hii kuliko nyingi za hospitalini, labda kwa sababu haina mtambo wa kujivunia. Maabara za mwendo zipo duniani, zenye kamera nyingi na vibao vya sakafuni vinavyopima mguu unavyokandamiza. Katika vyumba vingi vya kwetu kifaa ni jicho, na siku hizi simu inayorekodi na kuirudisha picha polepole.

Jicho lenyewe lina kazi ngumu. Tangu kisigino kiguse chini mpaka kisigino kilekile kiguse tena, hupita kama sekunde 1. Ndani ya sekunde hiyo mguu huwa chini kwa takriban asilimia 60 ya muda na hewani kwa asilimia 40, na humo humo vidole, kifundo, goti, nyonga, kiwiliwili na mikono kila kimoja kina lake. Mwanagenzi hutaka kuviona vyote kwa mpigo, mwisho akaandika "anachechemea," jambo ambalo hata muuza karanga wa getini ameliona. Mzoefu huchagua. Safari hii anatazama kifundo tu. Mgonjwa akigeuka mlangoni na kurudi, anatazama goti tu. Kisha anahama: kutoka ubavuni, ambako kukunja na kukunjua kunaonekana, anakwenda kusimama nyuma, ambako nyonga haziwezi kudanganya. Wakati mwingine anafumba macho kabisa asikilize. Mguu usioweza kuinua vidole hutua kwa kishindo bapa, pwa, pwa, na sikio hulipata hilo kabla ya jicho.

Utaratibu huu wa kutazama kwa zamu ulijengwa sana na Jacquelin Perry wa Marekani. Alianza kama mfiziotherapia wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasomea udaktari na upasuaji wa mifupa, na mwaka 1955 akaingia hospitali ya Rancho Los Amigos, California, iliyokuwa na wagonjwa wengi wa polio. Yeye na wafiziotherapia wa huko waliigawa hatua moja katika vipindi 8. Majina ya vipindi hivyo wanafunzi huyakariri na kuyasahau. Linalobaki ni swali: katika kipindi hiki, mguu huu ulipaswa kufanya nini?

Swali hilo ndilo linaloumba fundi. Chukua mtu aliyepata kiharusi, anayeuzungusha mguu nje kila hatua kama anayefyeka nyasi. Mwenye haraka atalilaumu paja, kwa kuwa ndilo linaloonekana kupotoka. Lakini mguu unazunguka kwa sababu umekuwa mrefu mno kupita chini ya mwili: goti halikunjiki. Mguu mzima ukiwa hewani goti hukunjika hadi kama digrii 60, na karibu 40 kati ya hizo huwa zimeshapatikana kabla vidole havijaacha ardhi. Kwa hiyo fundi hautazami mguu uliopo hewani. Anarudi nyuma kutazama mguu ukiwa bado chini: je, kisigino kiliinuka? Mwili ulipita mbele ya unyayo, au ulibaki nyuma? Kosa lililoonekana hewani lilizaliwa ardhini.

Nyonga nazo zina ujanja wake, ambao daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliueleza mwaka 1895. Ukisimama kwa mguu wa kulia, misuli ya ubavu wa nyonga ya kulia ndiyo inayozuia kiuno kisilale. Ikidhoofu, kiuno huanguka kushoto. Jicho linaona kushoto; ugonjwa uko kulia. Na aliyeishi na udhaifu huo miaka mingi hujifunza kuutupa mwili mzima juu ya mguu mbovu, basi hakuna kinachoanguka tena. Na kwa kuwa kiuno huanguka upande mzima, fimbo hushikwa mkono wa upande huo. Nyumbani ndugu humpa bibi fimbo upande unaouma, na kwa kweli akili ya kawaida inawaunga mkono. Mfiziotherapia huihamisha tu: "Bibi, hebu shika huku," na mara nyingi kuyumba kunapungua papo hapo, kabla ya maelezo yoyote.

Ninachokipenda zaidi ni kule kujizuia kwa mfiziotherapia. Mtu ambaye polio ilimpooza misuli ya mbele ya paja huenda akatembea goti limesukumwa nyuma, au kiganja kikibana paja kila hatua. Mwendo huo haupendezi, lakini goti lililojifunga hivyo ndilo linalomsimamisha. Mnyooshee, ataanguka.

Aliyepona kiharusi naye anaweza kusukuma goti nyuma vilevile, kwa sababu nyingine: huenda shavu la mguu limekaza na kisigino hakifiki chini. Kwa macho miendo hiyo miwili ni ndugu. Basi kabla hajaagiza kifaa kwa mafundi wa viungo saidizi, kama wale wanaofunzwa katika chuo cha TATCOT pale Moshi tangu 1981, mfiziotherapia anakunja kipande cha sponji, anakiweka ndani ya kiatu chini ya kisigino, na kumwomba mgonjwa aende mlangoni tena. Goti likitulia, shavu la mguu lina kesi ya kujibu. Lisipotulia, sponji inatolewa, na anaanza upya kutokea chini: vidole, kifundo, goti.